Siku Walipomufukuza Numbi Ndani Yangu

Minyi mwenyewe, hakuna kitu katika hii Kamina kinaweza kunishangaza. Niliacha masomo darasa la tatu nikauza mikate kwa maaskari wa Base, kambi yao, na leo niko na mashini mbili za kusaga mahindi, zote zangu, hakuna muntu alinisukuma. Nimeisha kuona mwizi wa kila aina na mtakatifu wa kila aina. Sasa niwaambie vile Jumapili moja, mbele ya kanisa nzima, nililazwa chini, kiatu kimoja kikapotea, na nikafukuzwa pepo lenye jina la mutoto wangu. Chekeni mumalize, njo niendelee.

Ilianza na ukuta. Numbi, binti yangu mkubwa, iko na kifafa (ilikuwa siri ya nyumba, minyi njo niliamuru vile, maana hapa watu wanaogopa hata kikombe cha mgonjwa, nani ataleta mahindi yake kwangu?). Anakunywa vidonge vya hospitali, anaimba kwaya, ananyamaza. Basi nikamusikia ule munyamavu anasema peke yake chumbani, pole pole, kama anabembeleza mtu. Nikasema: mwanaume, kwa simu. Minyi si wa kudanganywa. Nikabandika sikio kwa ukuta, leo, kesho, wiki nzima, mpaka mke wangu akipita ananiuliza, "Papa Numbi, ukuta iko na homa?"

Hakukuwa mwanaume. Lilikuwa shairi, anamwambia Mungu, anarudia mstari mpaka unanyooka:

*Mbele ya kuanguka nasikia harufu ya mvua,*
*na jua liko kali juu ya bati.*
*Ulimi wangu unasafiri, miguu inabaki.*
*Dokta alikipa jina, minyi sibishi,*
*lakini nikifika chini, Wewe umeisha kufika,*
*umeisha kunitandikia mukeka.*

Sikuelewa yote. Lakini kichwa changu, hata kama hakikusoma, kikishika kitu hakiachi.

Sasa, Jumapili ile ilikuwa sikukuu ya mavuno, ambapo waheshimiwa wanapita mbele kutoa neno lao wenyewe. Mwaka uliopita Papa Kazadi, anayeuza saruji ng'ambo ya mashini yangu, alitoa shairi lenye Kifaransa ndani, akina mama wakapiga vigelegele, na tangu hapo ananisalimia akitabasamu (tabasamu gani ile? nazijua minyi). Nikaamua: mwaka huu na minyi naenda na shairi. La nani? Limetoka nyuma ya ukuta niliojenga kwa mikono yangu, basi ni langu.

Nikapita. Suti, sauti, kila kitu. Mstari wa kwanza, kimya, nikafikiri wameguswa. Wa tatu, mama wa mbele anavuta watoto wake nyuma. Wa nne, shemasi mkubwa anavua koti. Nikamuangalia Kazadi: hacheki. Hapo njo nikashuku kweli.

"Papa," Pasta akauliza kwa huruma, "unaanguka tangu lini?"

"Minyi? Sianguki!"

"Pepo linakana!" shemasi akapiga kelele, na wenzake wakanirukia, na kwa sababu nilirusha teke, nikaanguka (kusema hauanguki wakati unaanguka hakusaidii kitu). Mmoja akanitia kijiko cha karamu ya mavuno katikati ya meno, eti nisijiume ulimi. Nikakitema. "Shairi si langu!"

"Ni la nani? Sema jina!"

"La Numbi!"

"Numbi, toka! Numbi, tokaaa!" Kanisa nzima, na ngoma.

Numbi akashuka kutoka kwaya, taratibu, ngoma zikazimika moja moja.

"Minyi njo Numbi," akasema. "Sitoki. Minyi njo naanguka, si yeye. Ni kifafa, hakiambukizi. Na kile kijiko, weka mbali, utamuvunja meno. Hata minyi nikianguka, hapana kunitia kijiko."

Halafu akasema shairi lake lote, pamoja na mwisho ambao ukuta haukunipa:

*Nikiamuka niko tena kwangu,*
*mukeka wako bado una joto,*
*na baba ameisha kufunga mulango*
*ili watu wasione.*

Minyi niko chini na kiatu kimoja, nikaangalia soksi yangu.

Jumatatu wateja wengine walipita mbele ya mashini kama hawanijui, sitadanganya. Wa kwanza kuingia alikuwa Kazadi, na gunia. Nikaingiza mkono mpaka chini nikitafuta mawe. Mahindi tu.

"Mudogo wangu anaanguka, kaka," akasema. "Sisi pia tunamufungiaka ndani."

Nikamusagia bure, na yeye akashuku kwa nini.

Tangu siku ile mulango wa Numbi hatuufungi, na minyi nimeapa: neno la mwingine halitapita tena katika kinywa changu kama langu. Lakini kwetu sisi Baluba, mwenye kukutungia maneno haendi mikono mitupu, na jioni Numbi akasimama mbele yangu, kiganja wazi.

"Elfu hamsini, papa. Ya shairi."

(Nikashuku mama yake njo alimufundisha ile bei.) Nikalipa. Kiganja hakikuondoka.

"Na mia tano."

"Ya nini tena?"

"Ya sikio kwa ukuta."

Jumla, franga elfu hamsini na mia tano.