Vidole vya Yaya

Mkaratusi uliokuwa umeegemea paa letu ulipokatwa, ulituachia kuni za zaidi ya mwaka. Shoka lilinishinda. Mimi ni dereva wa lori, mgongo wangu umechakaa kwa barabara ya Kolwezi, na mkaratusi ukikauka shoka linadunda tu juu yake. Ndiyo maana nilinunua mashine ndogo ya umeme ya kupasulia kuni, iliyokwisha kutumika Ulaya, kwa muuzaji mmoja wa Lubumbashi. Unalaza gogo, chuma kinalisukuma polepole mpaka kwenye kabari, nalo linapasuka.

Mashine ile ilitaka mikono miwili. Wa kulia unabonyeza kitufe, wa kushoto unakandamiza mpini. Ukiachia kimoja tu, chuma kinarudi nyuma. Mimi niliona ni usumbufu. Magogo yaliyopinda yalikuwa yanateleza, nami nilitaka mkono wa kuyashika. Siku ya tatu nilichukua kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, nikaufunga mpini ule chini usiinuke tena. Tangu hapo kitufe peke yake kilitosha. Nilijiona mjanja.

Dada yangu mkubwa, ambaye nyumba nzima tunamwita yaya, alikuwa akiishi nasi tangu afiwe na mume wake. Alikuwa msusi. Wanawake walitoka mpaka Kamatanda kuja kukaa kwenye kiti chake kifupi mbele ya mlango wetu, naye aliwasuka mistari myembamba kama uzi huku akiwachekesha. Tena ndiye aliyetupikia, kwa kuwa mke wangu anauza vitambaa sokoni. Aliniomba nimwonyeshe mashine, asiwe ananingoja nirudi safari kila kuni zikiisha. Nikamwonyesha. Maneno yangu nayakumbuka kuliko ninavyopenda: "Yaya, mukono huu ubonyeze, huu mwingine ushike gogo."

Jumamosi moja umeme ulikosekana tangu asubuhi. Uliporudi mchana, yaya aliharakisha kwenda uani kupasua kuni za maharage, maana kina mama wa kanisa wangekuja kusali kwetu saa kumi. Mimi nilikuwa langoni nikiongea na jirani yetu, fundi wa umeme. Sikusikia kelele. Nilisikia yaya akiniita kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaka aletewe maji. Nilipofika alikuwa ameufunika mkono wa kushoto kwa kitenge, na kitenge kilikuwa kimelowa damu. Gogo lilikuwa limegeuka na kubana vidole vyake kwenye kabari.

Jirani alimkimbiza hospitali kwa gari lake, pamoja na mke wangu aliyekuwa amerudi mapema kwa ajili ya sala. Niliwaambia nitawafuata, nizime umeme kwanza. Sikuzima umeme kwanza. Nilichukua kisu, nikaukata ule mpira, nikautupa chooni. Ndipo nikazima umeme.

Hospitalini muuguzi aliuliza ilikuwaje. Nikawahi kujibu kwamba aliweka mkono vibaya. Yaya alinitazama kwa muda, kisha akamgeukia muuguzi.

"Ndiyo," alisema. "Niliweka mukono mubaya."

Walimkata vidole viwili, kile cha shahada na cha kati.

Kina mama wa kanisa walikuja kumwona, mmoja mmoja na kwa makundi. Kila aliyeuliza nilimweleza kwamba mashine hizi za Ulaya zinataka uangalifu, na kwamba yaya alikuwa na haraka. Wakawa wanatikisa kichwa na kumwonea huruma, huruma ile inayopewa mtu aliyejiponza mwenyewe. Mchungaji alipomshukuru Mungu kwamba mkono haukukatika wote, amina yangu ilisikika kuliko za wengine.

Baada ya wiki kadhaa mke wangu alitaka mashine iondoke pale. Jirani yule fundi akaja kuitazama, labda angeinunua. Akalaza gogo, akabonyeza kitufe. Chuma hakikusogea. Akabonyeza tena, akautazama mpini, akaukandamiza kwa mkono wa pili, na gogo likapasuka.

"Hii inaomba mikono mbili," alisema. "Sasa yaya aliumia namna gani?"

Mke wangu alinigeukia. Yaya alikuwa ameketi kizingitini akimenya karanga kwa mkono mmoja. Nikasema pengine siku ile mashine ilikuwa imeharibika. Yaya aliweka sinia chini, akaingia ndani.

Jua lilikuwa halijazama nilipobisha chumbani kwake. Nilimweleza yote: mpira, kisu, choo. Alinisikiliza akiwa ameupakata mkono wake.

"Mupira nilikuwa nauona kila siku," alisema. "Kule hospitali nilikubali juu weye ulikuwa unatetemeka. Nilisema, atasema yeye mwenyewe. Leo umesema tena bongo, uongo ule ule, na miye niko pale."

Nilimwomba msamaha. Akaniambia vidole alikwisha kunisamehe siku ile ile. Kisha akasema polepole: "Lakini bamama ba kanisa wanajua muzembe ni miye. Uende uwaambie."

Mke wangu nilimwambia jioni ile ile, naye hakunisemesha siku nne. Jumapili nilimwomba mchungaji ruhusa ya kusimama mbele. Nilizungumza nikitazama viatu vyangu. Nilipomaliza, mama mmoja aliyekuwa akisukwa na yaya miaka mingi aliuliza kutoka kwenye benchi lake, bila ukali wowote, "Na siku zote hizo mulikuwa munakula pamoja?" Nikajibu ndiyo.

Mashine haikuuzwa. Yaya mwenyewe alikataa, akasema kuni hazijipasui. Ninapoiwasha sasa anakuja kusimama mlangoni, akiiangalia mikono yangu yote miwili mpaka nimalize.

Anasuka tena, lakini mistari mikubwa tu. Ilimchukua karibu mwaka kuzoeza kidole gumba na cha pete kufanya kazi ya vile viwili. Mistari myembamba imemshinda. Akija mteja anayeitaka, yaya anamwelekeza kwa msusi mwingine, barabara ya tatu kutoka kwetu, nyumba yenye lango la bluu, na anamsifu msusi huyo kwamba mkono wake ni mwepesi. Nikiwa uani nasikia kila neno. Huwa nasimamisha kazi yangu mpaka mteja awe ameondoka.