Muhuri Ulioniponza Endulen

Niliondoka Karatu kwa sababu ya ubishi. Nasema mapema ili msomaji asije akadhani nilikwenda kutazama tembo.

Mimi ni fundi wa kompyuta, na duka langu liko karibu na stendi ya Karatu. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikipakia kamusi elezo ya Kiswahili, yale makala ya bure yanayoeleza kila kitu kuanzia figo mpaka mwezi, kwenye kompyuta za shule zisizo na mtandao. Bahati mbaya sikuwa peke yangu. Hamadi, mwenye duka la simu ng'ambo ya barabara, alikuwa akiipakia kwenye memori kadi kwa njia yake. Mwalimu Naserian, anayefundisha sekondari huko Endulen, alikuwa na njia ya tatu. Faili langu halikufunguka kwa Hamadi, la Hamadi halikufunguka kwa Naserian, na la Naserian, kusema kweli, sikutaka hata kulijaribu.

Mwishowe tulikubaliana kwa simu tuwe na fomati moja ya pamoja: namna moja ya kulifunga faili, iliyoandikwa wazi, ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia na kifaa chochote kinaweza kuifungua. Kuandika kanuni nikapewa mimi. Nikaandika kumi na mbili. Kumi na moja hazikuwa na neno. Ya saba ilisema faili lisifunguke kwenye kifaa kipya mpaka lipate muhuri kutoka kompyuta yangu ya dukani.

Sababu niliyoitoa ni usalama, watu wasije wakachezea makala. Sababu yenyewe ni kwamba muhuri ule ulikuwa na jina langu, Sulle, kwa herufi kubwa, na ungetokea kila mara faili linapofunguliwa. Miaka mitatu, jamani! Nani asingetaka? Hamadi alikubali huku akiguna, maana ananijua nikikasirika. Naserian alikataa. Akasema wanafunzi wake wa kidato cha nne wamebakiza wiki tatu wafanye mtihani, na maktaba yao ni rafu moja. Niende nikaiwashe kamusi hiyo mbele yao, ikifunguka atakubali kanuni zote. Ikigoma, asisikie tena habari za muhuri. Nikamwambia aandae chai.

Jumanne saa kumi na mbili asubuhi nilipanda gari la mizigo la Pantaleo, jirani yangu, aliyekuwa akipeleka unga na maharage hospitali ya Endulen. Kwenye lango la hifadhi askari aliuliza nimebeba nini. Nikamjibu kwa sauti ya kutosha kwamba nimebeba kamusi elezo nzima. Akaniomba niteremshe vitabu avikague. Nilipomwonyesha flashi yenye ukubwa wa ukucha, alinitazama, akamtazama Pantaleo, akauliza kama mgonjwa tunayempeleka hospitali ndiye mimi.

Saa mbili na nusu tulikuwa juu ya ukingo wa kreta. Ukungu ulikuwa mzito mno, Pantaleo akaegesha tusubiri. Watalii walikuwa wamejipanga pale na kamera zao wakipiga picha weupe mtupu. Pantaleo aliwahi kuwa mwongoza watalii, akataka kujua kamusi yangu inasemaje kuhusu faru. Nikamwekea faili kwenye simu yake kwa mbwembwe. Yakatokea maneno mawili: Subiri muhuri.

"Inasubiri nini?" akauliza.

"Mtandao. Mara moja tu, kisha basi."

"Si ulisema ni ya watu wasio na mtandao?"

Nikamwambia simu yake imezeeka. Ilikuwa mpya kuliko yangu. Tuliteremka upande wa bonde la Malanja, tukaiacha barabara ya Serengeti, tukakata kushoto kufuata ya Endulen, na njia nzima vumbi likawa ndilo lenye mazungumzo.

Mchana tulifika. Naserian alinipokea nyumbani kwake pamoja na mama mkwe wake, mama mmoja mwembamba aliyevaa shanga hadi mabegani. Chai ya maziwa ikaja, nami nikafungua laptopu nianze maelezo yangu yenye picha. Naserian akaifunika taratibu. Akasema kwa Wamasai mgeni hutoa habari kwanza, zote, tangu alikotoka mpaka alipoketi, na mwenyeji humwitikia. Yeye angemtafsiria mama. Baada ya hapo ndipo tuongee kazi.

Basi nikaanza. Nimetoka Karatu, kwema. Mama akaitikia, "Ee." Mvua zimenyesha, maharage yamesimama vizuri. "Ee." Nimekuja na faili la elimu kwa watu wasio na mtandao. "Ee." Njiani dereva amelijaribu. "Ee." Likakataa. Hapo mama hakuitikia. Akangoja, kikombe mkononi, maana habari ilikuwa haijakwisha. Ikabidi niiendeleze. Lilikataa kwa sababu linahitaji muhuri. "Ee." Muhuri uko kwenye kompyuta yangu dukani. "Ee." Na ili ufike linahitaji mtandao. Nilijisikia mwenyewe nikiyasema hayo, jasho likanitoka na baridi yote ile. Kwenye maelezo yangu yenye picha nilikuwa nimeiruka sehemu hiyo. Kwenye habari za Wamasai hakuna pa kuruka.

Mama alimwambia mkwewe neno moja refu. Nikaomba tafsiri. Naserian akasema mama anaomba niongezewe chai.

Ningekuwa na akili ningekoma hapo. Lakini mimi nikishabisha, nimebisha. Nikasema mtandao hauwezi kukosekana kabisa, twende shuleni. Chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine sita kuukuu, na wanafunzi walikuwa wamekwisha kaa, watatu watatu, madaftari wazi, kalamu mkononi. Nikaweka faili kwenye zote sita. Subiri muhuri, mara sita.

Wakanielekeza kilimani, nyuma ya shule, ambako mtandao hupatikana ukisimama juu ya kichuguu fulani. Nilikuta foleni. Wachungaji wawili walikuwa wakimpigia mnunuzi wa ng'ombe, wakanipisha kwa heshima ya mgeni. Nikapanda kichuguu, laptopu nimeiinua juu ya kichwa kwa mikono miwili, simu nimeibana kwa kidevu. Mtandao ulikuja, ukaondoka. Mbuzi walikuja, wao hawakuondoka. Saa nzima nilisimama pale, na wale wachungaji wakasahau mnunuzi wao, wakaketi kunitazama. Mmoja aliuliza kwa upole kama namwonyesha Mungu kitu.

Nilirudi mikono mitupu. Wanafunzi walikuwa vilevile, hakuna aliyetoka. Msichana wa mbele alikuwa ameandika tarehe, akaipigia mstari, na chini yake hakuna kitu. Akaniuliza waandike nini. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Naserian alinivuta pembeni. "Fundi, hawa wana mtihani," akasema. "Wewe una jina. Chagua."

Nikakaa chini nikaifuta kanuni ya saba. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Nikalifunga faili upya, wazi, bila muhuri, nikaliweka kwenye mashine ya kwanza. Likafunguka. Kwenye ya pili likafunguka, mpaka kwenye ya sita iliyokuwa na kioo chenye ufa. Yule msichana akatafuta figo, akaanza kunakili mbio mbio kama anayefukuzwa. Moyo wangu ulifurahi, sitadanganya.

Naserian akauliza kama aliandike jina langu mwishoni mwa kanuni, kwa herufi ndogo. Bado nilikuwa na kinyongo, nikamwambia aliache. Nilitegemea anibembeleze. Hakunibembeleza. Akaandika tu: Fomati ya pamoja, chukua, gawa.

Alhamisi nilirudi Karatu. Hamadi alilijaribu faili kwenye simu tano za kaunta yake, zikafungua zote, akacheka hadi akakaa. Kuanzia siku hiyo kila aliyenunua memori kadi kwake alitoka na kamusi ndani.

Wiki tatu baadaye nilikwenda Mbulumbulu kumsalimia mama yangu. Nilimkuta uwanjani ameanika maharage, simu yake imeegemezwa kwenye ndoo, anasoma juu ya wadudu wanaobungua maharage ghalani. Nikauliza amepata wapi. Akasema jirani yetu alikwenda kumuuguza dada yake hospitali ya Endulen, akarudi nayo, na sasa wanakwaya wenzake wote kanisani wanarushiana.

"Watu wa Endulen wana akili," akasema mama, bila kuinua macho. "Wewe miaka yote unahangaika na hizo kompyuta, ungekwenda kwao wakufundishe."

"Nilikwenda, mama."

"Wakakufundisha?"

"Walinifundisha."

Hakuamini. Akapangusa mikono kwenye kanga, akaniketisha kando yake juu ya gunia, akaanza kunionyesha polepole, kidole chake juu ya kioo, namna ya kulifungua lile faili. Nikatulia, nikafundishwa.