Kikapu cha Mama Nekesa

Leo nimegombezwa mbele ya watu hapa Kibomet, na nilistahili.

Kikundi chetu cha kanisa kimeungana na akina mama wa Bungoma. Wao wanaleta mahindi na maharagwe, sisi tunapanga mezani kama sokoni, kila mwenye uhitaji anajichagulia bure. Hakuna kupangwa laini ati mpigwe picha.

Wiki jana Mama Nekesa, jirani aliyekuja kuchukua chakula, alikibeba kwa kikapu changu.

Leo amekirudisha kimejaa kunde.

Nikasema, "Mama, hapa hatulipishi."

"Nani analipa? Wewe unarudishia jirani kikapu kitupu?"

Mngejibu nini nyinyi? Mimi nilipokea kikapu, bana. Nikaweka kunde mezani.

Mzee mmoja akaja, akauliza ni za nani.

Mama Nekesa akaniwahi: "Ni zetu. Chagua."