Ua la Mama

Juzi, ofisini Kacyiru, nilimwona mwenzangu akiweka chungu cha maua ndani ya beseni la maji, nikamkumbuka shangazi yangu wa Biryogo, fundi cherehani aliyenilea mama yangu alipofariki.

Mama alituachia ua moja kwenye chungu, na sikuwahi kumwona shangazi akilimwagilia. Niliamini hakumpenda mama. Basi kila alipokwenda kuswali, nililimwagia kikombe kizima, chumba kikinuka pasi ya mkaa. Leo najua udongo unaolowa kila siku huinyima mizizi hewa. Wakati ule nilijua tu kwamba ua la mama lina kiu.

Majani yakawa ya njano. Alasiri moja shangazi alilitoa chunguni, na udongo ukanuka kama mtaro. Mizizi ilikuwa myeusi, imelegea.

"Nani anamwagia hii maua maji?"

"Mimi. Wewe unaliacha life kwa sababu ni la mama."

Aliketi sakafuni, akanivuta karibu.

"Naiwekaka kwa beseni wewe ukiwa shule. Inakunywa yenyewe, kwa chini. Mama yako ndiye alinifundisha."

Tulikata mizizi iliyooza, tukachanganya udongo mpya na mchanga, tukalirudisha ua chunguni, tukakiweka chungu ndani ya beseni la maji. Akakishika kidole changu, akakilaza juu ya udongo mkavu.

"Sasa ngoja."

Tulingoja, cherehani imelala, hadi nikahisi ubaridi ukipanda taratibu kunifikia kidoleni.