Nilikuwa nauza asali Kibondo bila kuionja hata siku moja, na watu walikuwa wananitazama tu

Wakuu, shikamoo kwa wanaostahili, na wengine habari za mihangaiko.

Mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi humu. Shule niliiacha kidato cha pili, kwa hiyo mtanivumilia nikipinda. Ila haya yamenitokea mwenyewe, na sina sababu ya kuongeza chumvi kwenye asali.

Naona nyuzi nyingi za vijana wanaouliza mtaji, wanauliza biashara gani inalipa. Mimi nataka kusimulia kitu kingine, kitu ambacho kidogo kimfanye mama mmoja wa Kumsenga apoteze mizinga ya marehemu mumewe kwa sababu ya ujuaji wangu.

Iko hivi.

Nilikuwa Kibondo mjini nauza chaja na earphone karibu na stendi. Kabla ya hapo nilikuwa Kahama, kabla ya Kahama Mpanda, kabla ya Mpanda msiulize. Mimi nikikaa mahali miezi minne miguu inawasha.

Asubuhi moja niliamka, nikaangalia chaja zilizobaki, nikaona hapana. Nikamwachia jirani mzigo, nikachukua begi, nikatoka. Sikuwa na mpango. Nilimwambia wa bodaboda, "Nenda unakokwenda." Akasema anarudi kwao Kumsenga. Nikapanda.

Mvua ikatukuta tukiingia kijijini. Yeye akaendelea kwake, mimi nikashuka kukimbilia baraza la nyumba ya kwanza niliyoiona.

Hapo alikuwa amekaa mama wa makamo anamenya muhogo. Huyu ndiye Mama Devota. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi akiwa mgongoni, akakulia hapa, akaolewa hapa, ni raia siku nyingi. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Alinikaribisha kigoda, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha togwa ya mtama. Kabla hajanipa, akapiga funda moja mwenyewe. Kisha akanikabidhi.

Nikajisemea, huyu mama ana kiu kweli. Nikanywa, nikasahau.

(Kumbukeni hilo funda, nitarudi.)

Mvua haikukatika haraka, na mimi nina ugonjwa wa kuuliza. Kwenye kona ya chumba niliona ndoo tatu zimefunikwa vizuri. Nikauliza. Akasema ni asali.

Marehemu alikuwa na mizinga msituni, ile ya magogo. Kila mtoto alipozaliwa alichonga mzinga mmoja akaupa jina la mtoto huyo. Watoto walikuwa sita. Wanne wako mbali na maisha yao. Wawili aliwazika wakiwa wadogo, lakini mizinga yao bado ipo juu ya miti na nyuki wanaingia na kutoka.

"Wa Yohana ndio una asali kuliko yote," aliniambia juu ya mmoja wa hao wawili, kama mtu anayemsifia mwanawe kwa darasa alilofaulu.

Sasa mdogo wa marehemu, Mzee Stefano, alikuwa amemrinia zile ndoo tatu kwa mara ya mwisho. Si mtu mbaya. Ana shamba lake, ana mgongo unaomsumbua, na asali imekaa ndani miezi bila mnunuzi. Alikuwa ameshamwambia shemeji yake, ikifika msimu mwingine hizi ndoo bado zipo, mizinga inauzwa, kuna mtu anaitaka.

Na Mama Devota alikuwa amekubali. Alisema amekubali, lakini kisu alichokuwa anamenyea kilisimama.

Mimi nikaropoka. "Mama, nipe mimi nikauze."

Hanijui, ametoka kunipa togwa tu. Akanitazama. Akasema, "Ego. Chukua moja kwanza, mwana wanje." Yaani ndiyo, mwanangu.

Wakuu, nilirudi Kibondo najiona mtaalamu. Nimeangalia video nyingi sana za biashara kwenye simu. Nilijua neno packaging kabla sijajua ladha ya nilichobeba.

Nikanunua chupa mpya za plastiki. Nikatengeneza stika yenye picha ya nyuki. Kila kifuniko nikakivisha ile plastiki ya kubana ili mtu aone haijaguswa na mkono. Nikapanga mezani sokoni, zinang'aa kama taa.

Watu walikuja. Waliinua chupa, walisoma stika, waligeuza, wakaweka chini taratibu. "Nzuri." Halafu wakaondoka.

Siku ya tatu nesi mmoja aliyehamishiwa huku kutoka Mbeya alinunua mbili, akasifia usafi. Baadaye mwalimu wa kutoka Pwani akanunua moja. Nikavimba kichwa zaidi. Nikasema packaging inafanya kazi, hawa wengine hawana hela tu.

Hapa nisimame kidogo. Ukiwa na wateja wachache wanaofanana na wewe, watakudanganya bila kukusudia. Wale wageni walinunua kwa sababu wao na mimi sote tulikuwa watu wa kuja. Lakini mgeni hanunui asali kila wiki. Anayenunua kila wiki ni mwenyeji, na mwenyeji alikuwa anapita.

Nikapunguza bei.

Jirani yangu wa meza, dada mmoja muuza maharage mwenye mdomo, akaniuliza kwa sauti ya soko zima, "Kaka asali, umeshusha? Basi ni sukari ya kuchemsha hiyo."

Siku hiyo hawakuinua hata chupa.

Nikasema sawa, nionjeshe watu. Nikanunua vijiko. Nikawa nachota kidogo nampa mtu aliyepita. "Onja, mzee. Onja, mama." Na kila mmoja, kwa adabu zote, alinijibu hivyo hivyo. "Asante, nimeshiba."

Saa mbili asubuhi soko zima limeshiba. Nilianza kuwachukia, nisidanganye.

Siku ya gulio Mama Devota akaja mwenyewe. Alikuwa amenibebea viazi vitamu vya kuchemsha kwenye jani la mgomba. Hakuuliza mauzo, aliona chupa. Akakaa nyuma yangu juu ya ndoo tupu, akatulia, akawa anaangalia.

Nilionjesha watu pale mbele yake. Wote wameshiba.

Baada ya muda akaniita. "Wewe asali hii umeshaila?"

"Hapana, mama."

"Kwa nini?"

"Jino." Nikamwonyesha gego langu la chini, lina shimo tangu nikiwa Mpanda. Kitu kitamu kikigusa pale naona nyota.

Mama alicheka mpaka akafunika uso kwa kitenge. Dada wa maharage akauliza kuna nini, akaambiwa kwa Kiha, naye akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nimesimama katikati kama nguzo.

Alipopata pumzi akasema, "Siku zote hizi unawapa watu kitu ambacho mdomo wako wewe unakikimbia. Hapa kwetu anayekupa ndiye anaonja kwanza. Asipoonja, humuulizi, humtukani. Unasema umeshiba."

Ndipo lile funda la togwa likanirudia. Hakuwa na kiu. Alikuwa ananiambia, mgeni, kilichomo humu mimi pia nimekinywa.

"Na hizi chupa umezifunga midomo," akagusa ile plastiki ya kifuniko niliyojivunia. "Marehemu chupa yake ya kwanza ilikuwa wazi siku zote. Analamba yeye, halafu anakupa wewe. Watu walikuwa wanamwita mlamba asali."

Akachana plastiki ya chupa moja. Akachota, akalamba yeye. Akanipa kijiko.

Nikalamba.

Wakuu, ile asali ni tamu kiasi cha kuumiza, na mimi iliniumiza kweli. Machozi yalinitoka pale pale.

Dada wa maharage akapaza sauti, "Jamani njooni, asali ya huyu kaka inaliza."

Watu wakasogea kucheka. Mzee mmoja akanyoosha mkono. Nikachota, nikalamba upande wa jino zima, nikampa. Akalamba, akafumba macho kidogo, akasema, "Hii ni ya msitu wa marehemu." Alimjua. Akachukua chupa kubwa.

Hapo ndipo biashara ilianza. Stika sikuitoa, usafi sikuuacha, nesi wangu bado anataka chupa yake iliyofungwa. Lakini chupa moja ilikaa wazi mezani na mimi nikawa mlambaji wa kwanza kutwa nzima. Bei nikairudisha ilipokuwa, na hakuna aliyeuliza. Siku ya tatu ya kulamba nilikwenda hospitali nikang'oa jino. Huo ndio mtaji mkubwa nilioweka kwenye hii kazi.

Ndoo zote tatu ziliisha kabla ya msimu.

Niliporudi Kumsenga na ndoo tupu ya mwisho, Mzee Stefano alikuwa barazani. Akaifunua, akachungulia ndani, akaifunika. Kesho yake asubuhi, tumeamkiana tu "mwakeye", nikamwona anachukua shoka anaelekea msituni.

Mama Devota aliona, akaacha alichokuwa anafanya. Tulikaa wote wawili barazani. Mimi moyoni nilidhani yule mnunuzi kamshawishi, anakwenda kuishusha mizinga.

Alirudi mchana, amebeba gogo begani na mgongo wake ule. Akalitua, akaanza kulichonga ndani.

Mama akamuuliza taratibu, "Stefano, huo wa nani?"

"Wa mgeni," akajibu bila kuinua kichwa. "Nyuki wakiupenda watakaa. Wasipoupenda watahama, kama mwenyewe."

Mama akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na togwa vikombe viwili, na kila kimoja alikuwa ameshakinywea kidogo.

Mimi sina kiwanja popote Tanzania hii. Ila nina mzinga Kumsenga, una jina langu.

Sasa kwa mnaoanza. Mimi si mshauri, ila kabla hujahangaika na bei na stika, jiulize watu wa pale ulipo wanaaminije. Kila mahali wana namna yao, na hawatakuambia, watasema wameshiba. Mtafute mtu mmoja akae nyuma ya meza yako asubuhi nzima akuangalie, halafu ukubali kuchekwa. Na usiuze kitu unachokikwepa. Kama jino linauma, ng'oa jino.

Nimalizie na leo.

Msimu huu Mzee Stefano amerina tena, wa Yohana ukiongoza kama kawaida. Kibondo imeshapata yake, na mama akaniambia nijaribu Kasulu. Nimeshuka stendi mchana na ndoo mbili, simjui mtu. Nimezunguka nazo natafuta chumba, watu wanatazama ndoo kabla ya kunitazama mimi.

Nyumba ya nne, bibi mmoja mwenye vyumba vya uani akasema kimoja kipo wazi. Akaniambia nikae kwanza, nimechoka. Akaleta maji kwenye kikombe cha bati.

Akapiga funda moja, akanipa.

Nikayanywa yote, wakuu, sikuacha tone. Kisha nikafungua ndoo, nikachota kwa kijiko changu, nikalamba mimi kwanza, nikampa. Akalamba, akatazama pengo langu, akauliza, "Hilo jino lilikula nini?"

Nikamwambia ni hadithi ndefu. Akasema chumba nimeshapata, kwa hiyo muda upo.

Ndimo naandikia humu, nimekaa kitandani, mlango uko wazi, jua halijazama.

Wa Kasulu mniambie gulio zuri liko wapi. Na nyie wengine, huko mlipo, watu wanaonja vipi kabla ya kuamini? Mlichekwa lini, na nani alikaa nyuma ya meza yenu? Nitasoma zote, mradi chaji ipo.