Kivuli cha Kiangazi

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, hapa Mbeya, tulipomzika baba. Uwanja wetu ulikuwa mtupu, hauna hata kichaka. Vumbi la mwezi wa tisa lilivuma, na wazee waliokuja kutupa pole walishinda wakihama kufuata kivuli cha ukuta, kila mmoja na kigoda chake mkononi. Mama aliwatazama. Tulipoanua matanga akaniambia, "Amba, siku yangu mimi, watu hawatababuka hivi. Nitapanda kivuli."

Usishtuke, mwanangu. Mama hakupenda kusumbua majirani, hata akiwa maiti.

Mvua za kwanza zilipoanguka akanituma mjini kununua mche. Kunitoa mimi nyumbani ilikuwa shughuli. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na elimu yote ile niliitumia kukaa jikoni karibu na moto. Nikaenda nanung'unika, nikarudi na mjakaranda, najisifu.

"Mwezi wa tisa mti huu unakuwaje?" mama akauliza.

"Zambarau tupu, mama! Watu wanasimama barabarani kuutazama."

"Nimekuuliza majani, sikukuuliza maua."

Nikautazama ule mche. Majani yake wakati huo huwa yamepukutika. Nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu, ila sikuwa nimeyawaza.

"Haya, msomi. Kaupande kule chooni, nzi wapate cha kutazama. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti."

Yeye akaenda kwa jirani yetu, akaomba miche miwili ya parachichi iliyojiotea jalalani. Mparachichi, alisema, una majani mwaka mzima. Akaichimbia mashimo mapana, akatia samadi. Mwezi wa sita, ilipoanza sakitu, ile baridi ya alfajiri inayobabua majani kama maji ya moto, akaijengea vibanda vya nyasi. Kiangazi akainywesha maji yaliyosuuziwa vyombo. Nikamtania kwamba anailea kuliko alivyotulea mimi na mdogo wangu Lusajo.

"Ninyi mkiona kiu mlilia," akajibu.

Kawia ufike. Miaka ikaenda, matawi yakakutana, uwanja ukapoa. Ndipo kiangazi kimoja Lusajo akarudi kutoka Tunduma, alikokuwa utingo wa malori, ana homa. Hakumaliza wiki.

Watu wakajaa chini ya miparachichi ile, na safari hii hakuna aliyehama na kigoda. Mama alikaa mkekani, ameegemea shina. Mzee mmoja wa mbali, asiyejua habari zetu, akamwambia taratibu, "Pole sana, mama. Afadhali hata mna kivuli kizuri."

"Nilikipanda kiwe changu," mama akasema. "Lusajo amenipita kwenye foleni."

Hakulia aliposema hivyo. Mimi, jitu zima, ndiye niliyeinuka nikaenda kulilia nyuma ya nyumba, kwenye jua.

Mwanangu, siku hizi mnachagua miti kwa picha za simu, na kwenye picha daima ni masika. Mti gani si mzuri mvua ikinyesha? Wewe uliza kiangazi utabaki na nini. Upande na mvua za kwanza, mizizi ishike kabla ardhi haijakauka, kipupwe uufunike, jua likiwaka uunyweshe, maana mti haulii. Wala usiseme, "Bado nipo, nitapanda mwakani." Wala usimpangie mtu zamu ya kukaa chini yake. Mama alipanga, akakosea, na bado nashukuru alipanda, kwa sababu siku ile mbaya kuliko zote alikuwa na pa kuegemea mgongo.

Mungu akupe uwanja wenye majani mwaka mzima. Wakae humo watu wa harusi wengi kuliko wa msiba. Na wanao wakuzike wewe, mwanangu, asikutangulie hata mmoja.