Salamu za Mheshimiwa

Mama yangu hawezi kuanza na swali. Mtume dukani akaulize bei ya mchele, ataanza na hali ya muuzaji, na watoto, na goti la bibi yao lililokuwa likiuma mwezi uliopita, ndipo aufikie mchele. Nyumba yetu ya Kariakoo ilitulea hivyo. Nikiwa mdogo nilichapwa kwa kuingia kwa jirani nikasema naomba chumvi kabla ya shikamoo. Zamani nilikuwa najivunia malezi hayo. Sasa hivi nikiyakumbuka napandwa na hasira, na sina wa kumwonyesha hasira hiyo.

Baba alikuwa muuza viungo na kahawa, kwenye duka aliloachiwa na baba yake, naye aliachiwa na Mwarabu aliyekuja na magunia yake akaoa hapa na kuzikwa hapa. Figo za Baba zilipokataa kazi, duka liliuzwa. Kikafuata chumba cha mbele, kikapangishwa kwa wauza mabegi. Daktari alitaka Baba asafishwe figo mara tatu kwa wiki. Mwanzoni tulimpeleka mara tatu. Ikawa mbili, kisha ikawa tunampeleka tukiona anaanza kuhema. Maji alikuwa anapimiwa kwa kikombe cha kahawa, vile vidogo visivyo na mkono, kwa sababu mwili haukuwa na pa kuyatoa. Nilikuwa namwona anakishika kikombe kitupu muda mrefu, analamba ukingo, halafu anajidai anaangalia maua yaliyochorwa juu yake.

Siku moja gari la matangazo likapita mtaani kwetu. Mbunge wetu anakuja viwanja vya Mnazi Mmoja kutoa mrejesho wa Bungeni, wananchi wote mnakaribishwa, ataeleza pia kuhusu bima ya afya kwa wote. Baba alikuwa amelala chumbani, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Akamwita Mama.

"Nenda kaulize mambo mawili tu," alimwambia. "Inaanza lini, na kusafisha figo kumo au hakumo. Kama kumo, nitajikaza niifikie. Kama hakumo, mniache nipumzike. Nimechoka kuwamaliza."

Mama alimkemea asiseme maneno hayo, kisha akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Huko akaambiwa kila mtaa utatoa muulizaji mmoja, ili mkutano usiwe wa fujo. Mtaa wetu haukubishana. Kijana anayepanga viatu nje ya mlango wetu ndiye aliyesema mbele ya wote, "Bi mkubwa, nenda wewe. Sisi wana tukishika maiki tutaharibu, tutaanza kubwata pale, halafu tutaishia kituoni. Wewe una maneno."

Jioni ile walifanya mazoezi. Baba, amelala chali, alikuwa ndiye mbunge.

"Assalamu alaikum, Mheshimiwa," Mama akaanza. "Habari za safari? Watoto hawajambo? Tunashukuru sana kwa..."

"Bibi wewe, swali!" Baba akamkatiza. "Watakunyang'anya maiki hujafika popote."

Tulicheka wote watatu. Mama akarudia, akarudia tena, mpaka akaweza kutoka kwenye salamu hadi kwenye figo kwa pumzi moja. Nilikwenda kulala nikiwa na matumaini, na kwangu hilo lilikuwa jambo geni.

Siku ya mkutano tulikaa viti vya mbele, chini ya turubai. Mbunge wetu ni mwanamke, mzungumzaji hodari, na sauti yake inakufanya uone kama anakujua. Alianza kwa kuwashukuru wote waliosimama naye alipofiwa na mama yake mzazi. Mimi nilikuwa nasubiri habari za bima, sikulitilia maanani. Mama aliniminya mkono. Nilipomgeukia nikaona uso umembadilika.

"Sijampa pole," akaninong'oneza.

"Mama, leo tumekuja kuuliza."



Mheshimiwa akaendelea. Akaeleza umeme wa bwawa, barabara za mwendokasi, mikopo ya vikundi, wageni wanaouza rejareja Kariakoo, na katiba. Kila jambo lilikuwa kwenye mchakato, na kila mchakato ulipigiwa makofi. Alipofika kwenye bima akasema sheria imeshapita, ndugu zangu, makofi kwa Serikali, na utekelezaji utakwenda kwa awamu. Awamu ipi ya nani, hakusema. Wagonjwa gani watangulie na gani wangoje, hakusema. Akafunga faili lake akanywa maji, chupa nzima, na mimi nikaihesabu ile chupa kwa vikombe vya Baba.

Mshereheshaji akatangaza maswali, dakika moja kwa kila mtaa. Mzee mmoja akauliza kuhusu mafuriko ya Msimbazi, akaambiwa mchakato. Ikafika zamu yetu. Mama akasimama, akaweka sawa mtandio, akaishika maiki kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa," alisema, "kwanza nikupe pole kwa msiba wa mama. Sikuwahi kuja kukushika mkono, unisamehe, nina mgonjwa ndani."

Hapo angeweza kugeukia swali. Neno mgonjwa lilikuwa limeshatoka, figo zilikuwa jirani tu. Lakini mfiwa ukikutana naye mara ya kwanza, humrukii na shida zako, na pole ya mama yangu si ya neno moja. Akamwombea marehemu kaburi lenye nuru. Akawaombea aliowaacha subira. Uwanja mzima ukaitikia amina. Akaomba tumsomee Fatiha, tukasoma, Wakristo nao wakainamisha vichwa. Mheshimiwa akatoa leso, akajifuta macho kwelikweli.

"Ahsante sana mama yetu," mshereheshaji akasema, huku akiichomoa maiki mikononi mwake. "Muda hauturuhusu. Mtaa unaofuata!"

Nilisimama nikapiga kelele, hajauliza swali, hajauliza! Spika zilikuwa kubwa kuliko mimi. Mheshimiwa alinyanyuka kutoka kitini, akaweka mkono kifuani.

"Mama, umenigusa sana. Wasalimie wote nyumbani. Mgonjwa mpe salamu zangu."

Watu wakapiga makofi. Mkutano ulipokwisha nilimvuta Mama mbio ili tuwahi gari la Mheshimiwa, lakini vioo vilikuwa vimeshapandishwa.

"Sikumaliza, eti?" Mama aliniuliza njiani.

"Hukuanza, Mama."

Nilimwambia kwa ukali. Aliongeza mwendo, akanitangulia mpaka nyumbani.

Baba alikuwa ameomba ageuzwe aangalie mlango. Tulipoingia alijaribu kujiinua kwa kiwiko.

"Amesemaje?"

Mama alivua baibui taratibu, akalikunja, akalifungua, akalikunja tena.

"Anakusalimu," alisema.

Baba alimtazama. Nilidhani angecheka, au angegomba, na ningefurahi kwa lolote kati ya hayo. Lakini salamu ikiletwa hujibiwa.

"Wa alaikumu salaam," akasema, kisha akajigeuzia ukutani mwenyewe.

Hakuuliza tena. Bajaji ya kumpeleka hospitali ilipokuja na kupiga honi, alisema iende. Mama alimbembeleza, mimi nikalia, mwenyekiti wa mtaa akaja kumsihi. Alitujibu wote kwa upole, kama alivyokuwa akimjibu mteja alipoishiwa na bidhaa. Hakumlaumu Mama kwa neno hata moja, nami kwa siku zile nilimlaumu kwa niaba yake, nikashindwa hata kula naye sahani moja.

Mheshimiwa alikuja kwenye msiba wa Baba. Aliacha viatu mlangoni, akakaa chini mkekani na wanawake, akamkumbatia Mama. Akatoa pole kwa kirefu na kwa maneno mazuri, akasema mama huyu alimwombea mama yake mbele ya umma, naye hatasahau. Nilijisogeza hadi karibu na goti lake. Maswali yote mawili nilikuwa nayo mdomoni. Nilitaka kujua tu, hata kama hayakuwa na kazi tena: inaanza lini, na kumo au hakumo.

Mama aliniona. Akanishika kifundo cha mkono, akaninong'oneza kwa sauti iliyokauka kwa kilio.

"Mgeni hajapewa hata kahawa."

Nikaenda jikoni. Vikombe vingi vilikuwa nje kwa wanaume, vilikuwa vimebaki vile tu vya Baba vya kupimia maji. Nikammiminia kimoja, nikampelekea kwa mikono miwili. Mheshimiwa alishukuru, akanywa, akaomba cha pili, nami nikampa.